Mababa ya Ndege

Siku ya kwanza ya Uwimana kulima kibarua kwenye shamba la Zena, alijitupa kifudifudi katikati ya mtama akakataa kuinuka.

Kosa lilikuwa la Kiswahili. Zena alikuwa mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akiona ndege wametua kwenye mtama wake hanong'oni. Alipiga yowe lililosikika hadi barabara ya Kibondo: "Ndege! Ndege hao! Jamani, ndege!" Vibarua wengine, Waha waliokwisha kumzoea, wakaokota mabonge ya udongo wakaanza kurusha. Uwimana alikuwa Mrundi, mgeni Kasulu. Kule Kumsenga, upande wa Kibondo, alikoishi tangu avuke mpaka mwaka sabini na mbili, watu walisema naye Kiha, naye akajibu Kirundi, wakaelewana bila taabu. Kwake yeye, mwenye manyoya anayekula mtama ni inyoni. Indege ni kitu kimoja tu, kile cha injini. Basi akatupa jembe, akalala, akaziba masikio, akangoja.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Zena naye alicheka, mpaka alipomfikia na kuona jinsi vidole vya yule dada vilivyozama ardhini. Hapo kicheko kikamkauka.

"Inuka, shoga. Ni chiriku tu hawa."

"Chiriku ni kitu gani?"

"Ndege."

Uwimana akalala tena.

Ikabidi Zena, mwanamke mnene mwenye heshima zake, apige mikono ubavuni na kurukaruka kama kuku ili aeleweke. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza neno ambalo angeliacha: "Zile za injini hazina haja na mtama wetu. Iliyopo Kasulu nzima ni moja, nayo iko sebuleni kwangu, na haina hata mabawa."

Uwimana alijiinua. Hofu haikumtoka. Lakini kando ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho alikuwa nacho tangu utotoni na ambacho masista wa shule yake walikichapa bila mafanikio: udadisi.

"Sebuleni," alisema. "Naweza kuiona?"

*

Longinus, mume wa Zena, alikuwa Muha aliyekwenda Tanga kufanya umanamba akiwa kijana, kama walivyokwenda wenzake wengi. Wenzake walirudi na baiskeli, koti, na kifua kibovu. Yeye alirudi na mke, binti waliyemwita Rosa, na makasha ya mbao marefu kuliko kitanda. Mgiriki mwenye shamba la mkonge alikuwa na ndege ndogo ya kuzungukia mashamba yake. Longinus alianza kwa kuifuta vumbi, akafika kutengeneza injini, na mwisho akawa anakaa kiti cha pili, na Mgiriki akisinzia humwachia usukani. Kisha yule bwana akaagiza ndege nyingine kutoka Ufaransa, ya vipandevipande, ili aijenge mwenyewe wakati wa kupumzika. Kabla hajapumzika, mashamba yakataifishwa. Alipokuwa anafunga mizigo ya kwenda kwao alimwambia Longinus, "Makasha chukua wewe. Ndiwe uliyekuwa unayatazama kama mchumba."

Kwa hiyo mwaka huo wa sabini na tano, vijiji vya ujamaa vikiwa vimeshapangwa mistari kama wanafunzi, nyumba ya Longinus ilikuwa na kiwiliwili cha ndege kutoka dirisha la mbele hadi mlango wa jikoni. Wageni walikaribishwa jikoni. Watu walikuja kuchungulia, wakatikisa vichwa, wakaenda kusimulia. Afisa mmoja wa wilaya alimshauri aombe kibali cha kuirusha. Longinus akaomba, na kibali hicho hadi leo kiko njiani.

Uwimana alisimama mlangoni. Alitegemea chuma. Alichokiona ni mbao nyembamba, mbavu tupu, na mwanga wa dirisha ukipita katikati yake. Kitu kile kilifanana na kitanda kilichong'olewa kamba. Akasogea hatua, akasimama, akasogea. Akagusa. Kisha akapiga magoti akachungulia tumboni mwake, akapeleka mkono kila pembe.

"Unatafuta nini, shemeji?" Longinus aliuliza. Rafiki wa mke wake alikuwa shemeji yake tangu dakika alipovuka kizingiti.

"Mahali pa kuwekea mabomu."

Longinus alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini.

"Hapana mahali hapo," alisema taratibu. "Hapa pana nafasi ya makalio mawili tu, na moja likiwa la mke wangu, basi ni moja."

Zena akampiga na upawa. Uwimana akacheka, naye akashangaa kujisikia akicheka mahali kama pale.

Juu ya kiti kulikuwa na kitabu cha maelekezo. Kiwiliwili Longinus alikijenga kwa kufuata picha. Kwenye mabawa picha zilipungua, maneno yakaongezeka, na maneno yenyewe yalikuwa Kifaransa, basi makasha mawili ya mwisho yalikaa yamefungwa, na fundi akawa mtu wa kukaa na kuyatazama. Uwimana akakifungua kile kitabu, akasoma mstari kimoyomoyo, halafu akausema kwa Kiswahili chake alichokuwa akikijenga kipande kwa kipande:

"Kwanza, lazeni mababa juu ya meza ndefu."

"Mababa?" Zena akadakia. "Mimi humu ndani nina baba mmoja, Baba Rosa, na halazwi juu ya meza."

"Mababa. Yale ya kurukia." Uwimana akanyoosha mikono. Kwa Kirundi bawa ni ibaba, naye aliliingiza neno kwenye Kiswahili bila kulibadilisha nguo. Longinus, ambaye Kiha chake kilimfanya aelewe palepale, hakucheka. Alikuwa amekamata kichwa kwa mikono miwili.

"Unasoma Kifaransa," alisema. "Mungu wangu. Mtu anasoma Kifaransa, na mke wangu amemweka kwenye mtama."

Ilipojulikana kwamba yule dada pia ni fundi cherehani, na kwamba mabawa ya ndege ile huvishwa kitambaa cha kitani kilichoshonwa, Longinus alitoka nje akazunguka nyumba peke yake kwa furaha. Tangu siku hiyo kitu kile kiliitwa mababa, hata na Zena, hata na watoto wa jirani.

*

Watu walidhani Uwimana anakuja kwa sababu ya kazi. Kazi ilikuwepo, na chakula cha Zena kilikuwepo. Lakini yeye alikuwa na swali moja, na swali lenyewe lilikuwa hili: aliye juu anaona nini?

Siku walipokuwa wanakimbia kutoka Burundi, walikatiza mbuga iliyoungua, nyeusi tii, kabla ya kuufikia mto Malagarasi. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake, Esteri, mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Esteri alivaa gauni la njano. Uwimana mwenyewe ndiye aliyelishona, la Pasaka, na mtoto alikataa katakata kuliacha nyuma. Ndege ilikuja chini sana, ikawapita, ikaenda. Watu wakashusha pumzi. Kisha ikageuka, ikarudi. Katika kutawanyika mkono ukamponyoka, na Esteri akakimbia peke yake juu ya majivu yale meusi. Ndege ilipoondoka, Uwimana alimkuta kwa urahisi. Njano ile ilionekana kutoka mbali.

Tangu hapo hakushona kitambaa cha njano. Mteja akileta cha njano, alimwambia cherehani imeharibika. Maana jambo lililomla si kwamba mtoto alikufa tu. Lililomla ni wazo kwamba yeye, kwa sindano yake, alimvisha alama. Kule Kumsenga alipokuwa halali wala hali, Katekista Venanti alimwambia: "Aliye juu hakuoni, binti yangu. Kwake wewe ni jani. Rangi haifiki kule." Neno hilo ndilo lililomrudisha kula. Kama rangi haifiki, gauni halina kosa.

Lakini mtu mdadisi hata faraja yake huigeuzageuza aone upande wa nyuma.

Alimuuliza Longinus wakigundisha mbavu za bawa la kwanza. "Shemeji, ulipokuwa juu na yule Mgiriki, uliona watu?"

Longinus aliendelea kupaka gundi. Zena alishamweleza habari ya kulala kwenye mtama. "Huoni kitu," alisema. "Miti, mito, basi. Watu ni kama siafu."

"Na rangi za nguo?"

"Siafu wana nguo?"

Alijibu haraka mno. Uwimana akashika ubavu mwingine.

Mabawa yalipokaribia kuvishwa, wakagundua nta ya kwenye kopo ilishayeyukia kwenye kasha zamani, huko Tanga. Uzi wa kushonea mababa lazima upakwe nta, kitabu kilisisitiza, la sivyo unalegea. Longinus akaanza kuhesabu ataandika wapi na itafika lini. Uwimana alimtazama kwa huruma.

"Nta?" alisema. "Kibondo yote inanuka nta."

Akapanda lori la kwenda Kibondo, akashuka, akamaliza kwa miguu hadi Kumsenga. Alimkuta Katekista Venanti uani akichuja asali, maana mzee yule aliwahubiria watu Jumapili na siku nyingine alihangaika na mizinga. Walisalimiana kwa kupiga makofi na kuulizana habari za kila mtu na kila ng'ombe, kama inavyopasa, na salamu zilipoisha Uwimana hakupoteza muda.

"Katekista, umewahi kupanda ndege?"

"Mimi? Hata baiskeli naisukuma."

"Basi ulijuaje kwamba hawakutuona?"

Mzee aliitazama mikono yake iliyojaa asali kana kwamba jibu limenata humo. "Sikujua," alisema mwisho. "Ulikuwa huli. Nilitaka ule."

Uwimana hakumkasirikia. Ungemkasirikiaje? Alimshukuru, akachukua nta, akaianza safari ya kurudi. Lakini kile alichokuwa amekikalia miaka yote kama kiti, kumbe hakikuwa na miguu.

Juma lililofuata alisoma ukurasa wa vioo. Akausoma kwa sauti, polepole, akimwangalia Longinus usoni: "Kioo cha ubavuni kishuke chini vya kutosha, ili rubani aione ardhi vizuri."

"Ardhi," Longinus alisema. "Wameandika ardhi, shemeji. Hawakuandika watu."

*

Kushona bawa la ndege ile ni kazi ya watu wawili. Bawa husimamishwa wima, limeshavishwa kitani pande zote, na sindano ndefu kama msumari wa paa hupitishwa kutoka upande huu hadi ule, ikirudishwa, fundo, ikipitishwa tena, mpaka kitambaa kikamatane na kila ubavu. Uwimana alikaa upande mmoja, Zena upande wa pili. Hawakuonana. Sindano tu ndiyo iliyokwenda na kurudi, na uzi ukanukia asali.

Mtu asiyekuona usoni ni rahisi kumwambia mambo, na kumuuliza.

"Shoga," ilisema sauti ya Zena kutoka ng'ambo ya bawa, "mke wa mwalimu analalamika umeikataa njano yake mara ya pili. Na cherehani yako nimeisikia mwenyewe, ni nzima."

Uwimana akasukuma sindano. Kisha akasema yote: mbuga, mkono ulioponyoka, gauni la Pasaka. Alisema kwa Kiswahili kibovu, na palipomshinda akasema kwa Kirundi, ambacho Zena hakukijua. Alipomaliza alingoja sindano irudi. Haikurudi. Alingoja sana, mpaka akaanza kujuta kusema. Kisha akaona ncha yake ikitokeza kwenye kitani, pembeni kabisa ya mahali pake.

"Umekosea ubavu," alisema.

"Najua," Zena alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Irudishe nianze upya."

Usiku ule Zena alimwambia mumewe: ukithubutu kumwambia tofauti na ulivyomwambia, nitarudi Tanga. Longinus akaapa.

*

Mababa yalipakwa dawa ya kukazia kitambaa, ikanuka mtaa mzima kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, na kitani kikakaza hadi ukikigonga kinalia ngoma. Injini, ndogo, ya aina ile inayotiwa kwenye gari la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, ikafungwa mbele. Kisha ikagundulika kwamba kiwiliwili hakipiti mlangoni. Longinus aliyepima kila kitu kwa milimita hakuwa amepima mlango wake. Zena alisema maneno ambayo hatutayaandika hapa, akaenda mwenyewe kuleta jembe la kubomolea ukuta.

Walikwenda kuijaribu Kagerankanda, kwenye uwanda wa malisho ambao vijana walikuwa wameusawazisha vichuguu. Jumapili, baada ya misa, watu walijaa kama siku ya mnada. Uwimana alijifunga kitambaa cha buluu kichwani na kujiapiza kusimama. Alikuwa ameyashona mababa yale kwa mkono wake, anajua kila fundo. Angekiogopaje kitu alichokipaka nta?

Pangaboi likazunguka, injini ikanguruma, na ahadi ikaishia hapo. Miguu ilikunjika yenyewe. Alilala kifudifudi kwenye majani mafupi, katikati ya umati uliokuwa ukipiga vigelegele, akasikia ngurumo ikimpita juu ya mgongo, ikaenda, ikarudi. Alitamani Zena amlalie juu amfunike. Zena alipiga magoti akamshika bega, basi.

Ndege ilizunguka uwanda, ikashuka, ikadunda mara kadhaa, ikasimama. Longinus alitoka humo akisema Kiha, Kiswahili na Kigiriki kwa pamoja. Alikuwa amelewa furaha. Watu wakamzunguka, naye akaanza kusimulia, huku mikono ikipaa bado.

"Nimewaona nyote! Nimemwona Padre na kofia yake! Mzee Stanislaus, wewe ulidhani umejificha nyuma ya kichuguu kile kilichobaki, nimekuona unajisaidia!" Watu wakaanguka kwa kicheko. "Na shemeji, wewe nimekuona umelala pale, na kitambaa chako cha buluu, hata ule mkono uliofunika..."

Akanyamaza. Zena alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo lingeweza kumrudisha mawinguni bila injini.

Uwimana aliinuka. Alijikung'uta majani magotini, taratibu, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani isipokuwa hiyo.

"Umeona buluu," alisema.

"Shemeji, unajua, leo jua lilikuwa..."

"Kutoka kule juu umeona buluu. Na kichwa, na mkono."

Longinus hakuweza kusema uongo tena. Aliitikia kwa kichwa, na machozi yalimjaa, mtu mzima, mbele ya kijiji.

Hapo ndipo kila mtu alitegemea aanguke, na Zena alikwisha kunyoosha mikono kumdaka. Ndani ya Uwimana lilikuwa limeanguka lile neno la katekista, na mahali lilipokuwa pakabaki lile wazo la zamani, uchi: basi ni gauni. Ni mimi. Maumivu yale yalikuwa makubwa kiasi kwamba hakukuwa na nafasi ya hofu. Na udadisi wake, kiumbe yule sugu, bado ulikuwa umesimama pale pale, haujatosheka. Alichosema Longinus ni alichoona Longinus. Yeye hajaona.

"Nipandishe," alisema. Kisha akamgeukia Zena. "Tafuta kanga ya njano. Ujifunge, usimame peke yako, kule mwisho wa uwanda, kwenye nyasi zilizoungua."

"Shoga, hapana."

"Zena. Nataka kujua."

Josephina, muuza ndizi, alikuwa na kanga ya njano mgongoni. Zena alimvua bila kuomba ruhusa, akajifunga, akaanza kutembea kuelekea kwenye majivu, analia njia nzima.

*

Juu, jambo la kwanza alilolijua Uwimana ni kwamba ngurumo ya mtu aliye ndani si ile ya mtu aliye chini. Ndani ni kelele tu ya mashine, kama cherehani iliyokasirika. Alijishika kiti. Aliyaona mababa yake, mishono yake imenyooka, inatetemeka na kushika. Kisha akaegemea kioo cha ubavuni, kile kilichoshuka chini vya kutosha.

"Shuka," alisema. "Shuka hadi kimo cha mti mrefu mara mbili. Ile iliyotujia mbugani ilikuwa hapo."

Longinus akashuka. Njano ilijitokeza mapema, kabla ya kitu kingine, kwenye weusi wa majivu. Ilikuwa kweli basi: rangi inaita macho. Uwimana aliuma mdomo, akaendelea kutazama, kwa sababu alikuwa amekuja kutazama.

Wakasogea, na njano haikubaki njano tu. Ikawa kanga. Kanga ikawa na mtu ndani yake, mnene, mwanamke, mkono mmoja kiunoni kama anavyosimama Zena akimsubiri mwenye duka ampunguzie bei. Uwimana aliuona uso wake ukiinuka. Aliona hata kwamba alikuwa amevua viatu. Haikuwezekana, hata kwa mwenye macho mabovu, kumdhania yule jani, wala siafu, wala askari. Alikuwa Zena mzima.

Wakampita.

"Sasa geuka," alisema. "Rudi."

Kugeuza ndege si kama kugeuza shingo. Bawa moja lilishuka, jingine likapanda, dunia ikalala upande, na wakaanza kuzunguka, wakazunguka, juu ya miyombo, juu ya kijito, juu ya nyumba za kijiji na mistari yake. Uwimana hakujua kwamba kunachukua muda hivyo. Alisali Salamu Maria, ikaisha, akaanza ya pili, ikaisha, na bado walikuwa wanageuka. Yule aliyeshika usukani siku ile alikuwa na nafasi ya kufikiri. Alikuwa na nafasi ya kumkumbuka mdogo wake mwenyewe. Angeweza kunyoosha tu, akaenda zake.

Njano ikajitokeza tena mbele yao.

Alisema jambo, na Longinus hakulisikia kwa ngurumo. "Nini, shemeji?"

"Nasema aliona gauni!" Uwimana alipiga kelele. "Na kama aliona gauni, alimwona na mtoto! Gauni lilikuwa la mtoto! Lilikuwa dogo!"

Alilia huko juu, paji la uso likiwa kwenye kioo, kilio ambacho hakuwahi kukilia, maana kile cha zamani kilikuwa cha mtu anayejishtaki. Hiki kilikuwa cha Esteri peke yake. Chini, Zena alikuwa ameivua ile kanga anaipunga kwa mikono miwili kama mwendawazimu.

*

Ndege ile iliruka mara chache tu. Serikali ilituma lori kuichukua, kwa heshima zote, ikakaguliwe na wataalamu, na nadhani inakaguliwa bado. Longinus aliziba ukuta wake, akauacha mlango mpana mara mbili, kwa vile mtu hajui.

Mke wa mwalimu alishonewa njano yake. Alipokuja kuichukua, alimkuta Uwimana naye amevaa gauni la njano, jipya, kola imekaa vizuri, akakasirika kidogo kwamba fundi amemtangulia kuvaa.

Mke wa mwalimu akiwa ameshalijaribu la kwake mwilini, na wakiwa bado wanabishana, mngurumo ukaja kutoka upande wa Kibondo. Ndege ya watu wakubwa, inakwenda Kigoma. Zena, aliyekuwa kibarazani anachambua maharage, aliweka ungo chini, tayari kukimbia kumshika rafiki yake. Uwimana alimpita. Alitoka hadi katikati ya barabara, mahali pasipo mti wala paa, akasimama pale kwa njano yake yote, akainua uso. Hakupunga mkono. Alisimama tu, akaitazama ikija, ikipita, ikienda, mpaka ikawa nukta, mpaka ikaisha.

Haikugeuka.

Akarudi kibarazani, akakaa kwenye cherehani yake, akamwambia mke wa mwalimu avue tena lile gauni, maana pindo la nyuma lilikuwa limepanda.